Shajara ya viazi lishe Maratatu: kutoka mvua hadi mvua

19 Agosti

Tumeanza leo. Tulikuwa chini ya mwembe wa mama mwenyekiti, wanawake 22 wenye watoto wa chini ya miaka mitano, na mimi niliyeitwa kwa sababu niliwahi kufundisha kilimo shuleni huko Ituri, Kongo, kabla hatujavuka Ziwa Albert mwaka 2018. Naandika shajara hii kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha sote hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Uganda: Wahema, Walendu, Waalur, na majirani zetu Wanyoro waliotupokea.

Nilimwomba kila mama ataje kilichokuwa chunguni jana. Posho nyeupe, yaani ugali wa mahindi, na maharage. Posho nyeupe na maharage. Sombe, yaani kisamvu, bila mafuta. Posho na maharage. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa duara. Hakuna aliyelala njaa. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akasema neno ambalo nimelibeba moyoni mpaka nyumbani: "Mwalimu, mtoto anashiba, lakini hakui."

Ndiyo hali yenyewe. Unga wa mahindi meupe hujaza tumbo, ila karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, karibu haimo kabisa. Vinu vyetu vidogo vya hapa husaga tu, haviongezi vitamini wala madini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta kwamba hapa Uganda watoto 53 katika kila 100, wenye umri wa kati ya miezi sita na miaka mitano, walikuwa na upungufu wa damu, na watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Watoto hao si wote wa kambini. Wengi wako katika nyumba zenye migomba na ng'ombe.

Wahudumu wa afya hutoa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na nimewasihi akina mama wasikose hata siku moja. Lakini mtoto anakula kila siku. Tukakubaliana kuanza na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Maharage yenye madini ya chuma tutayaleta baadaye, mguu wa kwanza ukishakanyaga imara.

30 Agosti

Marando, yale mashina ya viazi ya kupandia, yamefika, na nimeumia.

Nilikuwa nimelipa marando 3,000 ya aina ya Kabode kwa mzalishaji mmoja wa njia ya kuelekea Hoima. Alishindilia yote ndani ya magunia ya nailoni, yakapigwa jua juu ya lori kutwa nzima. Nilipofungua gunia la kwanza, joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu. Majani ya katikati yalikuwa yameiva.

Hayo yangevumilika, maana rando lililopoteza majani huchipua tena. Kilichonivunja moyo ni yale yaliyokuwa mazima. Nilikaa na mama mweka hazina tukayapitia moja moja kwenye turubai. Mengi yalikuwa na vijani vidogo vilivyojikunja, vyenye mishipa myeupe na rangi ya kufifia. Huo ni ugonjwa wa virusi. Huja vikali zaidi pale virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja, kimoja kikiletwa na vidukari na kingine na inzi weupe. Rando la namna hiyo halifi, na ndiyo sababu ni hatari: litaishi shambani miezi minne, litaambukiza wenzake, kisha litakupa vizizi vyembamba kama vidole. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba mbegu yake ni safi.

Tulichoma marando 1,130. Yamebaki 1,870, yaani 85 kwa kila mama. Mama mmoja aliuliza kama hatuwezi kupanda yale mabovu pembeni, tujaribu bahati. Nilikataa kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, na jioni nikaenda kumwomba radhi. Fedha za kikundi ni zao, na kuona theluthi nzima inaungua si jambo dogo.

3 Septemba

Tumepanda. Matuta mapana, marando matatu kila tuta, vifundo vitatu ardhini na ncha juu. Mvua ilinyesha usiku. Mungu ni mwema.

21 Septemba

Neno limezunguka Maratatu kwamba viazi hivi "vimechomwa sindano" na kwamba mwanamke akivila hatazaa. Mama wawili hawakuja kupalilia. Nimeona nisilipuuze, kwa sababu watu waliokimbia vita wana haki ya kuuliza ni nini wanalishwa. Tukaita kikao, wanaume wakaalikwa pia.

Nilieleza hivi. Kiazi cha rangi ya chungwa hakikutengenezwa kwa sindano. Rangi hiyo ni karotini, ile ile iliyomo kwenye karoti, boga na embe lililoiva. Watafiti walichukua viazi vyenye rangi hiyo, wakavizalisha pamoja na viazi vyetu vinavyohimili magonjwa ya huku, maua kwa maua, kisha wakachagua watoto wao mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo kwa upande wa Uganda ilifanyika katika kituo cha utafiti cha Namulonge. Jina NASPOT la aina za viazi zao lenyewe limetokana na Namulonge, na hii Kabode yetu ni NASPOT 10 O, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2007. Kabla yake, mwaka 2004, walikuwa wametoa Ejumula na ile tuliyozoea kuiita Kakamega. Mtafiti wa Uganda aliyeiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, Robert Mwanga, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Niliposema mtu wa Uganda amepata tuzo ya dunia kwa sababu ya kiazi, mzee jirani yetu, Mnyoro aliyejifunza Kiswahili jeshini, alipiga goti lake kwa kiganja akasema, "Sasa hiyo nimeisikia!"

Kijana mmoja akauliza kuhusu ndizi. Swali zuri, maana hapo ndipo mambo mawili huchanganywa. Katika kituo cha utafiti cha Kawanda kuna watafiti ambao, wakishirikiana na chuo kikuu cha teknolojia cha Queensland kule Australia, waliingiza kwenye matoke jeni kutoka ndizi ya Papua New Guinea iitwayo Asupina ili ndizi iwe na karotini nyingi. Walikwenda njia hiyo kwa kuwa matoke hayana mbegu, kwa hiyo kuyazalisha kwa maua ni kazi ngumu mno. Ndizi hizo ni za uhandisi jeni. Bunge lilipitisha muswada wa kusimamia teknolojia hiyo mwaka 2017, Rais hakuutia sahihi, akaurudisha. Kiazi chetu hakimo katika shauri hilo hata kidogo.

Mama mmoja kati ya wale wawili amerudi kupalilia.

11 Oktoba

Mashina yamefunika matuta. Tumeanza kula matembele, kidogo kidogo, tukichuma ncha chache kila shina ili viazi visikose nguvu.

Leo mama mweka hazina amefanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Amepita mashamba yote 22 na uzi mwekundu wa kufumia, akafunga kila shina lenye majani mapana, ya kijani safi, yasiyo na mkunjo. Nikamuuliza kwa nini sasa, wakati mavuno ni Desemba. Akanijibu, "Desemba majani yatakuwa yamekatwa na mbuzi wamekula. Utajuaje kiazi gani kilitoka kwa mama mzima?"

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

24 Novemba

Ardhi imeanza kupasuka juu ya matuta. Kila ufa ni mlango wa fukusi, mdudu anayetoboa viazi. Tumerudishia udongo matuta yote na kuyagandamiza kwa kiganja.

20 Desemba

Mavuno ya kwanza, na siku ya kupika.

Niseme ukweli ulivyotokea. Kiazi cha kwanza alikikata mama mwenyekiti kwa kisu cha jikoni, mbele ya watu wote. Ganda jekundu hafifu, na ndani chungwa lililokolea, lenye unyevu uliong'aa juani kama mafuta. Watoto walikuja mbio. Watu wazima walisogea taratibu. Rangi ina maana yake: kadiri inavyokolea, ndivyo karotini inavyozidi, na watafiti hutumia hata kadi ya rangi kukadiria kiasi chake shambani.

Chungu cha kwanza kilipikwa kwa maji mengi, kama tunavyochemsha vile vyeupe, na hakikupendwa. Mama mmoja alikigeuza mdomoni, akameza, akasema kwa upole: "Mwalimu, hii kiazi iko na maji mingi." Ni kweli. Sisi tumezoea kiazi kikavu, cha unga, kinachokwama kooni mpaka ushushie chai. Viazi vingi vya chungwa vina maji zaidi ya vyeupe, na sisi tuliongeza maji juu ya maji. Wanaume waliotuzunguka walionja wakasema ni chakula cha watoto.

Chungu cha pili alikipika bibi mmoja mwenye umri wa kunizaa. Alipanga vijiti chini, akatandika majani ya mgomba, akaweka viazi vizima na maganda yake, akatia maji vikombe viwili tu, akafunika juu kwa majani mengine na kukandamiza kifuniko kwa jiwe. Viliiva kwa mvuke. Vilipotoka vilishikana, vitamu, ganda likivuliwa kama gauni. Kisha akaviponda na kijiko kimoja cha mawese, yale mekundu yanayovuka ziwa kutoka kwetu.

Nilifurahi sana, na niliwaeleza sababu: karotini huingia mwilini ikipata mafuta. Mtoto akila kiazi bila tone la mafuta, sehemu kubwa hupita bure. Na mawese mekundu yana karotini yake yenyewe, mradi usiyachemshe mpaka yageuke meupe kama wengi wetu tulivyofundishwa na mama zetu. Kwa hiyo bibi, bila kusoma popote, aliweka dawa mara mbili katika sahani moja.

Tuliazima mzani mdogo wa mama muuza mandazi. Gramu 125 za kiazi hiki kilichochemshwa hutosha kumpa mtoto mdogo vitamini A anayohitaji kwa siku. Tukapima: ni kipande kinacholala vizuri katika kiganja changu. Kila mama alikishika, akakipima kwa mkono wake. Nataka wakikumbuke kwa mkono.

Mtoto wa miaka mitatu alimaliza chake akaja kusimama mbele ya sahani ya mama mwenyekiti bila kusema neno. Ule ulaini ambao baba zao waliukataa ndio unaowafaa watoto hawa.

22 Desemba

Hii ndiyo kazi niliyoiona mwanzoni kuwa nyongeza tu, na sasa naiona kuwa ndiyo mradi wenyewe.

Mbegu ya mahindi unaifunga juu ya jiko na moshi unailinda. Mbegu ya maharage unaitia kwenye kibuyu. Mbegu ya kiazi ni rando lililo hai, na jua la Januari huku halina huruma. Nimeona miradi mingi ya marando kwa miaka hii: watu wanagawiwa, wanapanda, wanavuna mara moja, wanapiga picha, kisha kiangazi kinafagia kila kitu, na mvua ya Machi inakuta mashamba matupu. Hata kama kiazi kimejaa vitamini kiasi gani, kikifa Januari hakimlishi mtoto wa Julai.

Kuna njia iliyobuniwa na kujaribiwa hapa hapa Uganda, ya kuhifadhi viazi kwenye mchanga na kuviotesha. Tumeifuata hivi. Tulileta mchanga wa kijito, tukauchekecha, tukauanika kwenye turubai siku mbili mpaka ukawa unamwagika kama sukari. Halafu tukauacha upoe usiku kucha. Hapo watu huharakisha: mchanga wenye joto la jua huivisha viazi.

Tulichagua viazi 60, vyote kutoka mashina yenye uzi mwekundu, vya ukubwa wa kati, visivyo na jeraha la jembe wala tundu la fukusi. Gazeti chini ya beseni, mchanga, safu ya viazi visivyogusana, mchanga, safu nyingine, mchanga juu. Mabeseni mawili. Moja liko chini ya kitanda changu, jingine kwa mama mweka hazina, mahali pa baridi ambapo kuku hawafiki.

28 Desemba

Viazi vilivyobaki bila kuliwa wala kuuzwa tumevikata vipande vyembamba na kuvianika viwe michembe. Vinang'aa kama maganda ya chungwa juu ya turubai. Gunia moja limejaa.

12 Januari

Kufungua mabeseni. Unafukua kwa vidole, polepole, kama unatafuta mayai.

Vitano vimeoza, na uozo mmoja uligusa jirani yake kwa sababu tuliviweka karibu mno. Viwili vilikuwa na fukusi. Huhitaji kuona tundu, harufu kali ya uchungu hukufikia kwanza. Hivyo saba tumevitoa na kuvifukia mbali. Vimebaki 53. Kimoja kimeshaanza kutoa vijicho vya zambarau.

Nje hakuna jani. Marando yaliyoachwa mashambani yamekuwa kamba.

29 Januari

Tumeviotesha vyote 53 kwenye kitalu nyuma ya bafu letu, nusu mita kati ya kiazi na kiazi, kukiwa na uzio wa miiba. Wiki saba kabla ya mvua. Maji ni jerikani tatu kila siku ya nne. Kwenye bomba foleni huanza kabla ya adhana, na hakuna mama anayeweza kupoteza jerikani kwa ajili ya kitu ambacho bado hakionekani. Kwa hiyo tumepanga zamu, na maji ya kusuuzia vyombo na ya kuoshea mboga yote yanakuja hapa.

19 Februari

Mbuzi ameingia usiku akala kona nzima. Uzio umeongezwa. Viazi vyenyewe havikung'olewa, vitachipua tena.

20 Machi

Mvua imeshika. Tumekata marando 1,460.

Naandika tarakimu hii na mkono unanitetemeka kidogo, kwa sababu Agosti tulilipa fedha tukachoma theluthi, na leo hatukulipa hata shilingi moja, na nimeyapitia yote sikuona jani hata moja lililojikunja. Kila mama amepata 60. Yamebaki 140 kwa shamba la mbegu, ambalo litakuwa bondeni kwa mzee wetu Mnyoro. Ametupa sehemu hiyo karibu na majimaji, hakutaka kodi, ametaka marando.

Akina mama wanne walikuwa wameacha mashina yao shambani kiangazi chote wakitumaini yatajichipulia. Hakuna aliyebaki na kitu. Nao wamepata 60 kama wenzao. Mmoja alitaka tuwapunguzie, mama mwenyekiti akakataa: watoto wao hawakuacha chochote shambani.

10 Aprili

Leo tumefungua gunia la michembe. Ile rangi haipo. Vipande vilivyong'aa Desemba sasa vina rangi ya nyasi kavu. Nilichukua kimoja nilichokuwa nimekifunga kwenye karatasi nyeusi ndani ya kopo, nikakiweka kando ya vile vya gunia, na tofauti ilionekana hata na watoto.

Watafiti wamepima jambo hili. Kuanika kwenyewe hupoteza sehemu ndogo tu ya karotini, bali kukaa ghalani miezi minne, kwenye hewa na joto, hupoteza zaidi ya nusu. Michembe bado inashibisha na tutaila. Ila sitamwambia tena mama yeyote kwamba gunia hili ni vitamini ya mtoto wake. Niliwaambia hivyo Desemba, na leo nimesimama mbele yao nikarekebisha. Kuanzia sasa viazi vya mtoto vitabaki ardhini, tutachimba vya siku mbili tatu na kuziba ufa, na tutapanda kwa awamu ili visikomae vyote pamoja.

16 Aprili

Maharage lishe, yale yenye chuma nyingi, yameingia, kilo sita za aina za NAROBEAN, zilizotolewa mwaka 2016. Hapa kazi ni ngumu kwa namna nyingine. Kiazi kinajitangaza kwa rangi yake, lakini madini ya chuma hayaonekani. Maharage ya kawaida yana takriban miligramu 50 za chuma katika kilo, na lengo la wazalishaji wa mbegu ni kufikia 94. Ukiyachanganya na ya sokoni, hakuna jicho litakaloyatenganisha. Kila mama amepewa kibuyu chake na alama yake.

Kwamba yanasaidia si maneno ya mabango. Huye, Rwanda, wasichana wa chuo wenye upungufu wa chuma walikula maharage yaliyozalishwa kuwa na chuma nyingi kwa siku 128, na akiba ya chuma mwilini mwao ikapanda kuliko ya wenzao waliokula ya kawaida. Lakini walikula kila siku. Na kuna la chai: chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini, wakati chungwa, nyanya au limau huisaidia. Nimeomba chai isogezwe saa moja au mbili mbele. Nimeona nyuso zao. Chai ni kitu cha mwisho cha raha kilichobaki kwa wengi wetu, na sikuwaambia waiache.

27 Julai

Mavuno ya pili. Kwa wiki nzima nimetembelea nyumba zote 22, saa ya chakula cha mchana, na kuuliza swali lile lile la Agosti: jana chunguni kulikuwa na nini, na mtoto mdogo alikula kipi.

Katika nyumba 14 mtoto alikuwa amekula kiazi cha chungwa angalau mara tatu wiki hiyo, na katika 11 kati ya hizo kulikuwa na mafuta. Katika nyumba nane hakula hata kimoja. Viazi vilikuwa vimekwenda sokoni Kasonga vyote, kwa sababu vinapendeza kwenye meza na vinanunuliwa haraka. Mama mmoja alinionyesha daftari jipya la mwanawe mkubwa na sare yake. Sikuwa na la kumlaumu. Mgao wa chakula umepungua, karo haipungui. Lakini yule mdogo, aliye mgongoni, amekula posho nyeupe wiki nzima katika nyumba iliyovuna viazi lishe.

Tulizungumza juu yake kikaoni bila kutaja jina la mtu. Bibi yule wa mawese ndiye aliyetoa shauri lililokubaliwa: kila nyumba itenge matuta matano yaliyo karibu zaidi na mlango wa jiko, yaitwe matuta ya mtoto, na hayo hayauzwi hata mgeni akija na noti mkononi. Yaliyobaki ni ya mama, afanye atakavyo.

4 Agosti

Nimehesabu matuta ya mtoto. Nyumba 19 zimeshayatenga. Tatu zinasubiri jembe la kuazima, nitawapelekea langu kesho asubuhi.

Mzee wetu Mnyoro amekuja jioni na beseni la plastiki la mjukuu wake, jipya, bado lina karatasi ya bei. Ameuliza mchanga tulichota upande gani wa kijito. Nimemwambia bado ni mapema, viazi vya kuhifadhi huvunwa Desemba. Akasema anajua, anataka beseni lizoee nyumba.

Uzi mwekundu umekwisha. Mama mweka hazina ameagiza mipira miwili kutoka Hoima, shilingi zimetoka kwenye mfuko wa kikundi, na stakabadhi nimeibandika hapa chini.